Zungumza na kanzidata kwanza, kiunganishi baadaye

Ukiandika `lb4 datasource` kwenye terminali, LoopBack, mfumo wa kujengea API kwa Node, inakuuliza maswali machache: jina la chanzo cha data, aina ya kiunganishi (kipande kinachoiunganisha API na kanzidata), anwani ya seva, porti, mtumiaji, nywila, jina la kanzidata. Ukimaliza kujibu, inashusha kifurushi kinachohitajika, inaandika faili moja ndani ya `src/datasources`, kisha inakurudishia mstari wa amri. Hakuna kosa lililojitokeza. Anayeanza kazi hii huona kwamba API yake sasa imeungana na kanzidata.

Bado haijaungana na chochote. Amri ile imeandika majibu yako kwenye faili, basi. Haikubisha hodi kwa seva, haikujaribu nywila, haikuangalia kama kanzidata uliyoitaja ipo. Hayo yote yatatokea baadaye, programu itakapowashwa, na kosa litakapotoka litakuwa limepita tabaka nyingi kabla ya kukufikia.

Kwa hiyo mimi huanzia upande wa pili, na kila ninayemfundisha kazi hii namsihi afanye hivyo. Kabla ya kuunda kiunganishi, zungumza wewe mwenyewe na kanzidata, kutoka kwenye mashine ileile ambayo API itaendeshwa, kwa mtumiaji yuleyule na kwa njia ileile ya mtandao. Ukishajibiwa, yale maswali ya `lb4 datasource` hayana kitendawili tena. Unanakili tu mambo uliyokwisha kuyathibitisha.

Nitatumia LoopBack 4, Node (kiendesha JavaScript nje ya kivinjari) na kanzidata ya PostgreSQL kama mfano kwa sababu ndizo ninazozishika kila siku. Anayetumia lugha au kanzidata nyingine atakuta hatua zinafanana, kwa kuwa wazo lenyewe ni la zamani. Microsoft ilitoa ODBC mwaka 1992 kwa lengo hilohilo: programu iseme lugha moja, na kipande kilichopo katikati kibebe jukumu la kuzungumza na kanzidata hii au ile. Kiunganishi cha leo ni mjukuu wa wazo hilo. Kati ya msimbo wako na jedwali kuna modeli (maelezo ya jedwali ndani ya msimbo), kuna kiunganishi chenyewe, chini yake kuna draiva (kipande kinachozungumza lugha ya kanzidata; kwa PostgreSQL kwenye Node ni kifurushi kiitwacho `pg`), halafu mtandao, halafu seva inayoamua kama inakujua, halafu ruhusa za kugusa jedwali husika. Kila tabaka linaweza kukataa, na kila moja lina namna yake ya kukataa.

Amri ya kwanza ni hii:

```
pg_isready -h 127.0.0.1 -p 5432
```

Hapo `127.0.0.1` ni mashine yenyewe. Amri hii haihitaji nywila wala jina la mtumiaji. Inauliza swali moja tu: je, kuna seva ya PostgreSQL inayosikiliza hapo na kupokea wageni? Ikiwa ipo, inajibu kwamba inapokea miunganisho na kutoka na namba 0. Seva ikiwa inakataa kwa muda, mathalani ndiyo kwanza inawaka, hutoka na 1. Kukiwa kimya hutoka na 2. Namba hizo ndizo zinazofanya amri hii iwe na manufaa ndani ya skripti: API isubiri mpaka 0 ipatikane ndipo iwashwe.

Ya pili ni `psql`, programu ya kuandikia amri kwa PostgreSQL, na hapa naomba tukae kidogo, maana ndipo watu wengi hupata ushahidi wa uongo bila kujua. Mtu anaandika `psql maktaba`, anaingia moja kwa moja, anaona majedwali yake, anatoka akiwa na uhakika. Kisha API inakataliwa, na yeye anaanza kukitilia shaka kiunganishi. Kilichotokea ni kwamba `psql` ikiitwa bila `-h` kwenye Linux haipiti kwenye mtandao kabisa. Inapita kwenye soketi ya Unix, faili maalumu ndani ya mashine, na mifumo mingi imewekwa ili njia hiyo imtambue mtu kwa jina lake la kwenye mfumo endeshi, bila kuulizwa nywila. API yako itakuja kwa TCP, yaani kwa njia ya mtandao, na nywila mkononi. Hizo ni njia mbili tofauti zenye kanuni mbili tofauti kwenye `pg_hba.conf`, faili la PostgreSQL linalosema nani aingie na kwa njia gani. Jaribio lenye maana ni hili:

```
psql -h 127.0.0.1 -p 5432 -U api_vitabu -d maktaba
```

Ukiingia kwa amri hiyo, umeingia kwa njia ambayo API itaingilia.

MySQL nayo ina jambo la aina hii, na linachanganya zaidi kwa sababu limejificha ndani ya jina la kawaida. Kwenye Linux na mifumo ya jamii yake, programu ya `mysql` ikipewa `localhost` inaelewa kwamba unataka soketi ya Unix, hata kama umetaja porti. Ukitaka TCP lazima uandike `127.0.0.1`. Na kwa Node kuna mtego wa tatu: tangu toleo la 17 la mwaka 2021, Node haipangi tena anwani za IPv4 mbele. Inazichukua kwa mpangilio iliopewa na mfumo. Matokeo yake ni kwamba `localhost` inaweza kutafsiriwa kuwa `::1`, anwani ya IPv6, na kama seva yako inasikiliza kwenye `127.0.0.1` peke yake, kwenye Node 17 hadi 19 utaona `connect ECONNREFUSED ::1:5432` huku `psql` ikiingia bila shida kwenye dirisha la pembeni. Mimi huandika `127.0.0.1` tangu mwanzo. Isipokuwa programu ikiwa ndani ya kontena (mazingira yaliyotengwa, kama ya Docker): humo anwani hiyo humaanisha kontena lenyewe, na kanzidata iliyo kontena jirani hutajwa kwa jina la huduma yake.

Sasa makosa. Ninayapenda makosa ya eneo hili, na nasema hivyo kwa dhati, kwa sababu ukiyasoma vizuri kila moja linakuambia umefika wapi. `ENOTFOUND` maana yake hata jina la seva halijapatikana, kwa hiyo ukague tahajia au DNS (huduma inayotafsiri majina kuwa anwani), wala usiiguse nywila. `ECONNREFUSED` ni hatua mbele: mashine ipo na imekujibu, ila hakuna programu inayosikiliza kwenye porti hiyo. `ETIMEDOUT` ni kimya, na mara nyingi kimya cha namna hii husababishwa na kizuizi cha mtandao kinachotupa pakiti zako bila kukujulisha. Makosa haya matatu hayana uhusiano wowote na jina la mtumiaji, nywila, wala kanzidata. Nimeona watu wakibadilisha nywila mchana kutwa ilhali kosa lilikuwa `ECONNREFUSED`. Hata nywila sahihi kuliko zote isingesaidia.

Ukishaanza kuona ujumbe ulioandikwa na PostgreSQL yenyewe, furahi, umefika mlangoni. Ujumbe huo huja na msimbo wa herufi tano ambao ni wa kuaminika kuliko maneno, kwa sababu maneno yanaweza kubadilika kulingana na lugha ya seva. `28000` pamoja na maneno yanayotaja `pg_hba.conf` humaanisha hakuna kanuni inayoruhusu mtumiaji huyo, kutoka anwani hiyo, kuingia kanzidata hiyo. `3D000`: umekubaliwa, lakini kanzidata uliyoitaja haipo. `42501`: umeingia, ila huna ruhusa ya kufanya ulichoomba. Na `28P01` ndiyo ile inayojulikana sana, uthibitisho wa nywila umeshindikana.

Kwenye hiyo ya mwisho kuna jambo la kuzingatia. PostgreSQL hutoa ujumbe uleule hata pale ambapo mtumiaji hayupo kabisa. Imefanywa kwa makusudi ili mtu wa nje asiweze kubahatisha majina ya watumiaji mpaka apate lililopo. Ukweli kamili umeandikwa kwenye logi ya seva (kumbukumbu ya matukio yake), ambako utakuta maelezo ya ziada kwamba jukumu hilo (`role`, yaani mtumiaji) halipo. Kwa hiyo ukiwa na uhakika na nywila na bado unakataliwa, fungua logi ya seva kabla ya kufanya lolote. Upande wa API hutaliona jibu hilo kamwe.

Mtumiaji mwenyewe aumbwe kwa ajili ya API. Asiwe `postgres`. API yenye hitilafu moja ya usalama, ikiwa imeunganishwa kwa mtumiaji mkuu, inampa mvamizi kanzidata zote za seva hiyo na pengine mashine yenyewe. API iliyounganishwa kwa mtumiaji mwenye ruhusa ya kusoma na kuandika majedwali matatu inampa majedwali hayo matatu. Tofauti hiyo haikugharimu zaidi ya mistari michache:

```
CREATE ROLE api_vitabu LOGIN;
\password api_vitabu
GRANT CONNECT ON DATABASE maktaba TO api_vitabu;
GRANT SELECT, INSERT, UPDATE ON vitabu, wasomaji, mikopo TO api_vitabu;
```

Kama majedwali yako yana safuwima za `serial` (namba zinazojiongeza zenyewe), mpe pia `USAGE` kwenye mifuatano inayozalisha namba zake, la sivyo kuingiza safumlalo mpya kutakataliwa kwa `42501` ingawa ruhusa ya `INSERT` ipo. Angalia pia kwamba nimetumia `\password`, sikuandika nywila ndani ya `CREATE ROLE`. Amri hiyo ya `psql` inakuuliza nywila bila kuionyesha, inaisimba kabla ya kuituma, kwa hiyo haibaki kwenye historia ya amri zako wala kwenye logi ya seva.

Ndipo sasa tunarudi kwenye `lb4 datasource`. Kila swali lina jibu lililokwisha kujaribiwa. Ila maswali mawili yanahitaji uangalifu.

La kwanza ni lile la `url`. Ukilijaza, linayashinda majibu mengine yote. Mtu anaweza kuja baadaye akabadilisha `host` ndani ya faili, akawasha upya, na programu ikaendelea kwenda seva ya zamani kwa sababu `url` bado ipo pale juu. Chagua moja: ama anwani nzima, ama sehemu mojamoja. Ukichagua anwani nzima, kumbuka kwamba alama zenye maana maalumu ndani ya anwani haziwezi kukaa zilivyo kwenye nywila. `@` iandikwe `%40`, `#` iwe `%23`, `/` iwe `%2F`. Nywila iliyo na `#` katikati, ikiachwa ilivyo, inakatwa hapo, na kosa linalotoka linaweza kutaja porti mbovu au anwani isiyoeleweka, jambo ambalo halimfanyi mtu aifikirie nywila hata kidogo. Mimi huchagua sehemu mojamoja.

La pili ni nywila. Unapoiandika haionekani kwenye skrini, na hilo linatia moyo, lakini inaenda kuandikwa wazi ndani ya `db.datasource.ts`, ambalo ni faili la msimbo kama mengine. Litaingia Git, mfumo unaotunza matoleo ya msimbo, kwa `git add` ya kwanza. Kuifuta kesho yake hakusaidii, kwa kuwa Git inahifadhi historia yote, na yeyote mwenye nakala ya hazina anaweza kurudi nyuma na kuisoma. Nywila iliyoingia kwenye historia ina dawa moja, ibadilishwe. Kwa hiyo swali hilo naliruka kwa kubonyeza Enter, kisha nafungua faili na kuandika hivi, ili thamani zitoke kwenye vigeu vya mazingira (`process.env`):

```
const config = {
  name: 'db',
  connector: 'postgresql',
  host: process.env.DB_HOST,
  port: Number(process.env.DB_PORT ?? 5432),
  user: process.env.DB_USER,
  password: process.env.DB_PASSWORD,
  database: process.env.DB_NAME,
};
```

Kwenye terminali, `read -rs DB_PASSWORD` inapokea nywila bila kuionyesha na bila kuiacha kwenye historia ya Bash, halafu `export DB_PASSWORD` inaifanya ionekane kwa programu utakayoiwasha. Kwenye seva halisi kazi hiyo hufanywa na mfumo unaoendesha huduma au hifadhi ya siri.

Njia hii ina kosa lake linalotokea mara kwa mara, na maneno yake ni magumu kuyaelewa kwa mara ya kwanza: `SASL: SCRAM-SERVER-FIRST-MESSAGE: client password must be a string`. Linasikika kama tatizo la usimbaji fiche. SCRAM ni namna ya kuthibitisha nywila iliyoingia PostgreSQL kwenye toleo la 10 mwaka 2017 na kuwa chaguo la msingi kwenye toleo la 14. Lakini kosa lenyewe halihusiani na SCRAM kabisa. Seva imeuliza nywila, na draiva imekuta haina, kwa sababu `process.env.DB_PASSWORD` ni tupu. Aidha jina la kigeu limekosewa herufi, au umewasha programu kwenye dirisha jingine la terminali ambalo halikupata `export`, au faili la `.env` halikusomwa. Kagua kwa `printenv | grep '^DB_'` ndani ya dirisha hilohilo, ukihakikisha hakuna anayetazama skrini yako.

Baada ya hapo ama majedwali yapo tayari, ama hayapo. Kama yapo, fanya `npm run build` kisha `lb4 discover`, ambayo inasoma majedwali na kuandika modeli zake. Hapa kwa mara ya kwanza kiunganishi kinafanya kazi kweli, na ndiyo maana nalichukulia kama jaribio lake la kwanza la haki. Kama hayapo, `npm run migrate` inayaumba kutoka kwenye modeli. Ukiongeza `-- --rebuild` inayafuta kwanza na data zote zilizomo. Amri hiyo isitembee karibu na seva yenye data za watu.

Kwenye PostgreSQL 15 na kuendelea, uhamishaji huo wa `migrate` unaweza kukataliwa kwa ujumbe kwamba huna ruhusa kwenye skima (kundi la majedwali) ya `public`. Zamani kila mtumiaji aliweza kuunda vitu humo, na toleo la 15 la mwaka 2022 liliondoa ruhusa hiyo. Wengi hukimbilia kumpa mtumiaji wa API `CREATE` ili mambo yaende. Mimi nashauri watumiaji wawili: mmoja anayemiliki majedwali na kutumiwa na `migrate` peke yake, mwingine wa API ya kila siku. Vigeu vya mazingira vimeshakurahisishia, unabadilisha `DB_USER` na nywila kwa amri hiyo moja.

Modeli zilizogunduliwa zisomwe kwa macho. Kinachohitaji jicho zaidi ni safuwima za `bigint`. Namba ya JavaScript inaweza kuwakilisha namba nzima kwa usahihi mpaka 9007199254740991, na `bigint` ya PostgreSQL inavuka hapo kwa mbali. Draiva ya `pg` haikubali kupoteza usahihi kimyakimya, kwa hiyo inarudisha thamani hizo kama maandishi. `SELECT count(*)` nayo ni `bigint`. Ndiyo sababu mtu hupata jibu `"42"` badala ya 42, akaongeza 1, akapata `"421"`. Uamuzi wa draiva ni sahihi. Ni juu yako kuamua wapi ni salama kuigeuza kuwa namba.

Kisha hesabu ya miunganisho, ambayo ni bora ifanywe mapema kwenye karatasi. PostgreSQL kwa kawaida inaruhusu miunganisho 100, na 3 kati ya hiyo imetengwa kwa ajili ya msimamizi mkuu, kwa hiyo zinabaki 97. Draiva ya `pg` hutunza akiba ya miunganisho iliyo wazi ili kila ombi lisianze upya, na kikomo chake cha msingi ni 10 kwa kila mchakato. Ukiwasha nakala 12 za API, umejipa haki ya kudai 120. Siku ya kawaida hutaona lolote. Siku wateja wakija kwa wingi utaona `53300`, wateja wamezidi, na hata wewe utakayekuja na mtumiaji wa kawaida kuchunguza utakataliwa kuingia. Gawanya kabla: 97 toa nafasi za uhamishaji, ripoti na mikono ya watu, kinachobaki kigawanye kwa idadi ya nakala.

Na kuna mpangilio mwingine wa draiva hiyo ambao naubadilisha kila mara, `connectionTimeoutMillis`. Thamani yake ya msingi ni 0, yaani kusubiri bila kikomo. Akiba ikijaa, maombi mapya yanajipanga na kusubiri, na mteja wa API haoni kosa, anaona kimya. Sekunde chache zinatosha. Kosa linalokuja haraka linaweza kushughulikiwa.

Sasa washa programu na uiulize kwa `curl`, programu ya kutuma maombi ya HTTP kutoka terminali:

```
curl -i http://127.0.0.1:3000/vitabu
```

Alama ya `-i` inaonyesha na vichwa vya jibu, na hapo utaona kama ni 200 (imefaulu) au 500 (kosa la seva) bila kutegemea kivinjari. Dirisha jingine, tazama upande wa kanzidata:

```
SELECT pid, usename, client_addr, state
FROM pg_stat_activity WHERE datname = 'maktaba';
```

Safumlalo za `api_vitabu` zinatakiwa kuonekana, zikitoka anwani uliyoitarajia, na baada ya ombi kwisha hali yake iwe `idle`, yaani imetulia. Ukikuta `idle in transaction` inayodumu, kuna msimbo uliofungua muamala na kuuacha.

Jaribio ninalomalizia nalo ni kukata miunganisho kwa makusudi huku API ikiendelea kuendeshwa:

```
SELECT pg_terminate_backend(pid)
FROM pg_stat_activity WHERE usename = 'api_vitabu';
```

Hivi ndivyo itakavyokuwa siku seva ya kanzidata ikiwashwa upya. Kwa anayetumia `pg` moja kwa moja, muunganisho uliokuwa umetulia ndani ya akiba ukikatwa, akiba hutoa tukio la `error`, na kama hakuna msimbo unaolisikiliza, mchakato mzima wa Node unakufa. Rudia `curl` ileile mara moja. Mchakato ukiwa bado hai na ombi likajibiwa 200 kwa muunganisho mpya, unaweza kuifunga terminali. Ukiwa umekufa, tafuta mahali akiba inapoundwa, weka msikilizaji wa tukio hilo anayeandika kosa kwenye logi, washa tena na ukate tena.